Sinia la Iddi: pilau, loshoro au chipsi? (Darsa ya siku ya 24)



Ndugu zangu wa jamaa yetu, mama zetu, dada zetu, na vijana wetu mnaosoma darsa hii mkiwa kwenye hiace au mkisubiri adhana ya magharibi. Alhamdulillah, tumeingia kumi la mwisho. Anayeweza kuamka usiku aamke, na aliyelegea kama mimi ajikaze. Siku zilizobaki zinahesabika kwa vidole.

Jana baada ya tarawehe mama mmoja alinisimamisha pale kwenye viatu. Akaniambia: "Ustadhi, nyumbani kwangu Iddi imeshaleta ugomvi kabla mwezi haujaonekana. Watoto wanasema pilau wameichoka, wanataka chipsi kuku na piza. Mkwe wangu anataka apike ndizi kama kwao. Na mzee amesema bila pilau hiyo si Iddi, yeye hatakaa na mtu. Sasa mimi nifanyeje?"

Nilicheka, na yeye akacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani kicheko kikaniisha, kwa sababu jambo hili lilishanikuta mimi mwenyewe, na sikulimaliza vizuri. Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu sinia la Iddi. Usiseme hii darsa ni ya jikoni tu. Ukifika mwisho utaona inamhusu mtu uliyemsahau.

*1. Sunna ya Iddi imesema nini kuhusu chakula?*

Tuanze na msingi. Anas bin Malik (r.a.) amepokea, na Bukhari ameithibitisha, kwamba Mtume (s.a.w.) siku ya Iddil Fitri alikuwa hatoki kwenda kuswali mpaka ale tende, na akizila kwa witri: moja, tatu, tano, namna hiyo. Hiyo ndiyo sunna iliyo wazi ya chakula cha asubuhi ya Iddi yetu hii. Tende tatu, maji, unaelekea uwanjani.

Baada ya hapo hakuna orodha. Sheria haikutaja pilau wala biriani, na wala haikutaja tambi au vitumbua. Imetuwekea mipaka, ndani yake ikatuachia nafasi: kiwe halali, kiwe kizuri, na kisiwe cha fujo. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah (s.w.) ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza israfu. Tazama, hajatuambia tuwe na njaa siku ya furaha, na hajatuambia tule mpaka tuvimbiwe.

Sasa mzee anayesema bila pilau si Iddi, tumheshimu, lakini tumwambie kwa adabu: Baba, pilau ni ada. Ni ada nzuri, yenye harufu ya utoto wetu sote. Lakini ada ni ada na dini ni dini. Ukizichanganya, utajikuta unamhukumu mtu kwa jambo ambalo Allah hakumhukumu.

*2. Pilau nayo ilikuwa mgeni*

Mimi ni mtoto wa mtu wa pwani. Baba yangu alipanda huku akitokea Tanga, na nyumbani kwetu bizari nyembamba ilikuwa haiishi kwenye kopo. Kwa hiyo nisemapo haya msidhani naichukia pilau. Naipenda kuliko baadhi yenu.

Lakini hebu tuifungue sufuria tuone kilichomo. Mchele wa viungo ni upishi uliozunguka na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, baina ya Uajemi, Bara Hindi, Uarabuni na pwani yetu. Karafuu tunayojivunia Unguja imeanza kupandwa pale miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Mbatata tunazotia ndani, nyanya na pilipili za kachumbari, vyote asili yake ni bara la Amerika, vimevuka bahari baada ya mwaka 1492. Maana yake hakuna Sahaba hata mmoja aliyewahi kuona kachumbari ya nyanya!

Kisha hapa Arusha. Mji ulikua kuzunguka boma la Wajerumani, na reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929. Watu wa pwani walipanda na kanzu zao, vyuo vyao na masufuria yao. Wenyeji wa miteremko ya Meru walikuwa na vyakula vyao tayari: ndizi, maharage, maziwa. Kwa hiyo kwenye mji huu, mwenye kuitwa mgeni siku ile alikuwa ni pilau.

Na kuna jambo jingine linalonifurahisha sana. Msafiri Ibn Battuta alifika pwani ya Afrika Mashariki karibu mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu aliandika kuhusu chakula alichokirimiwa. Anataja wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama na samaki. Halafu anataja ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando kwenye chombo chake, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe.

Soma tena. Ndizi kwa maziwa, na maziwa mgando! Ukipanda leo kutoka Usa River kuelekea Nkoaranga, mama wa Kimeru akikuwekea ndizi na maziwa, utasema hicho ni chakula cha shamba, si cha Iddi. Kumbe karibu miaka 700 iliyopita, nyumbani kwa Waislamu wa pwani, chakula hicho kilikaa na wali kwenye karamu moja, na hakuna aliyekiona duni.

*3. Zakatul Fitri inavyotufundisha*

Kabla ya kuswali Iddi kila mmoja wetu anatoa Zakatul Fitri: pishi moja kwa kila kichwa, takriban kilo mbili na nusu, na wapo wanaofanya kilo tatu kwa tahadhari. Katika hadithi ya Ibn Umar zimetajwa tende na shayiri. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri kuna pia zabibu na jibini kavu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vyakula vya Madina.

Je, sisi wa Arusha tunatafuta shayiri? Hapana. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema tunatoa katika chakula kikuu cha watu wa mji husika. Ndiyo maana mnaleta mchele na mahindi pale msikitini, na hakuna anayewauliza shayiri iko wapi.

Hili ni somo kubwa. Ikiwa ibada yenyewe ya faradhi imekitambua chakula cha mahali ulipo, vipi sinia la furaha likikataa? Mahindi yanatosha kuwa zaka yako mbele ya Allah, halafu hayatoshi kuwekwa mbele ya shangazi yako?

*4. Sufuria iliyorudi imejaa*

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mama watoto wangu ni binti wa Mlima Meru. Alisilimu kabla hatujaoana, na mama yake mzazi ni Mkristo mpaka leo, mtu wa kanisa na kwaya yake. Mwaka wetu wa tatu wa ndoa tulimwalika aje kula Iddi. Nyumba ilikuwa imejaa: shangazi zangu wawili kutoka Tanga, wifi zake mke wangu, watoto, majirani. Pilau ya mbuzi ilikuwa imeshaiva.

Mama mkwe akafika saa saba mchana. Alikuwa amebeba ndoo ndogo yenye mfuniko na hotpoti moja. Kwenye hotpoti mlikuwa na ndizi. Kwenye ndoo mlikuwa na loshoro: mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa taratibu mpaka yakalainika, yakapoa, kisha yakachanganywa na maziwa mgando. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kwa ajili yetu. Na kwa adabu yake hakutia nyama hata kidogo, kwa kuwa alijua sisi tunauliza nyama imechinjwa na nani. Yaani alifikiria dini yetu kuliko sisi tulivyofikiria moyo wake.

Shangazi mmoja alipokea vyombo, akafunua, akafunika. Akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kidogo: "Iddi ni pilau bwana, haya tutayala kesho." Vikawekwa jikoni nyuma ya mlango.

Mimi nilisikia. Nilikuwa nimekaa pale na kanzu yangu nyeupe, imamu mzima, siku hiyo hiyo asubuhi nimetoka kuhutubia watu kuhusu kuunga udugu. Na nilinyamaza. Nikajiambia si vizuri kumrudi mtu mzima mbele ya wageni.

Jioni mama akaaga. Mke wangu akaenda kumtolea vyombo vyake, akavikuta vizito kama vilivyokuja. Mama akavipokea, akasema tu, "Asanteni kwa kunikaribisha." Akapanda hiace.

Mwaka uliofuata tukamwalika, akasema miguu inamsumbua. Mwaka wa pili yake, miguu. Siku moja katikati ya wiki nikapita soko la Tengeru, nikamwona na mzigo wa ndizi mgongoni anatembea vizuri tu. Akaniona, akanisalimia kwa heshima kama kawaida. Nikajua ugonjwa haukuwa wa miguu.

Ndugu yangu, Abu Hurayra (r.a.) anasema Mtume (s.a.w.) hakuwahi hata siku moja kukitia ila chakula. Akikitamani alikila, na asipokitamani alikiacha. Imo katika Bukhari na Muslim. Na Jabir (r.a.) amepokea kwamba siku moja Mtume aliuliza nyumbani kwake kama kuna kitoweo, akaambiwa hakuna isipokuwa siki. Akaiomba hiyo hiyo siki, akala nayo huku akiisifu. Siki! Sisi tumeletewa maziwa mgando tukayaweka nyuma ya mlango.

Na kama unasema, "Lakini ustadhi, mama huyo si Muislamu," basi soma kisa cha Asma binti Abu Bakr (r.a.). Mama yake alikuja kumtembelea akiwa bado mshirikina. Asma akaenda kumuuliza Mtume kama amuunge mama yake huyo. Akamjibu ndiyo, amuunge. Kisa hicho kiko kwenye Bukhari na Muslim. Ikiwa mama mshirikina anaungwa, vipi mama wa Ahlul Kitabu aliyeamka saa tisa usiku akupikie?

*5. Kama hukipendi, fanyaje?*

Hapa mtu ataniuliza: ustadhi, mimi loshoro siiwezi, tumbo langu halijazoea. Nilazimishwe?

Hulazimishwi. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuandaliwa dhabbu, mnyama wa jangwani jamii ya mijusi wakubwa, nyumbani kwa Bibi Maimuna. Akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akasema si haramu, ila hakipatikani katika ardhi ya watu wake, ndiyo maana nafsi yake haikitaki. Basi Khalid akakivuta akala, na Mtume akimtazama.

Angalia adabu zilizomo. Hakukila, lakini hakukisema vibaya. Alitoa sababu inayomhusu yeye mwenyewe, hakukilaumu chakula. Na hakumkataza mwenzake asile. Hii ndiyo njia ya mtu ambaye hakijazoea chakula cha ukweni: "Mama, mimi sijakizoea, lakini niwekee kidogo nionje," au "Mwanangu huyu atakula." Chombo kinakaa mezani na vingine, kwa heshima sawa.

*6. Na vijana je, na chipsi zao?*

Chipsi kuku si haramu. Piza si haramu. Mtoto akiitamani siku ya Iddi hajakosea dini. Tusiwafanye watoto waichukie sikukuu yao kwa sababu ya ukali wetu. Lakini vijana, nanyi mnisikilize. Kuna mizani nne:

Kwanza, halali yake. Ukinunua nje, uliza kuku amechinjwa na nani, na uliza kikaango kimekaangia nini. Mji wetu huu kitimoto kinauzwa waziwazi. Kuuliza si aibu, aibu ni kula bila kujua.

Pili, bei yake. Usimsukume baba yako akope. Kila mwaka namwona mtu anachukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya nguo na chakula cha siku moja, halafu Shawwal nzima anajificha. Umefunga mwezi mzima kwa ajili ya Allah, kisha unaufunga kwa riba? Na hili haliwahusu wa piza peke yao. Wapo wanaokopa ili mbuzi wa pilau awe mkubwa kuliko wa jirani.

Tatu, mzigo wake. Nani anapika? Katika nyumba nyingi kumi hili la mwisho mwanamke anakesha na vitunguu huku sisi tunakesha na Qur'ani, halafu tunamuuliza mbona hakuja itikafu. Ukitaka vyakula vinne, basi toa mikono minne. Kijana, shika kisu umenye mbatata. Baba, kaa na mkaa wako uchome mishikaki. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na hilo bibi Aisha amelisimulia.

Nne, nani hayupo. Abu Hurayra amepokea kwamba chakula kibaya zaidi ni cha karamu ambayo matajiri wanaitwa na masikini wanaachwa. Sikusikia popote kwamba kibaya zaidi ni kile kisichokuwa na iliki.

Na kwa upande wa vyakula vyetu vya asili, mipaka ni ile ile. Ndizi, makande, loshoro, mtori, karibu. Lakini damu haramu, hata kama ni ya mila ya babu, na pombe ya ndizi haramu, hata kama imeletwa na ndugu unayempenda. Mwambie kwa upole, mpe chai ya tangawizi, msigombane. Kanuni ya mafakihi ni kwamba ada inazingatiwa pale isipogongana na sheria.

*7. Jinsi sufuria ilivyofunguliwa*

Nimalizie kisa. Baada ya kumwona Tengeru sikulala vizuri. Jumamosi nikapanda kwake mimi na mke wangu. Sikupeleka barua wala mshenga. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia: "Mama, siku ile nilisikia, na nilinyamaza. Nisamehe." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mimi sikukasirika kwa chakula. Niliona mjukuu wangu ananitazama nikibeba ndoo."

Neno hilo bado linanichoma. Mtoto alikuwa anajifunza. Anajifunza kwamba upande mmoja wa damu yake ni wa mezani na upande mwingine ni wa nyuma ya mlango.

Iddi iliyofuata alikuja. Tukatandika mkeka mmoja, tukaweka sinia la pilau, bakuli la loshoro, ndizi, na sahani ya chipsi za watoto. Shangazi yangu alikuwepo. Nikaomba nianze mimi. Nikasema Bismillah, nikachota loshoro kwanza. Kijana wangu, aliyekuwa hataki hata kuionja, akanitazama, naye akachota. Hatukuhutubia mtu. Baada ya muda kidogo shangazi akasema, "Hebu nipitishieni hicho nacho." Akala, akaongeza chumvi kidogo, akala tena.

Anas (r.a.) anasimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (s.a.w.), akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unya na nyama kavu. Anas akamwona Mtume akizifuata mung'unya pembezoni mwa chombo. Anasema tangu siku hiyo akawa anaipenda mung'unya. Mtoto hapendi chakula kwa kuambiwa kina vitamini. Anakipenda kwa kumwona anayempenda akikila.

*Jibu kwa mama yangu wa jana*

Mama, pika pilau kidogo kuliko mwaka jana, mzee apate yake. Mkwe wako apike ndizi, na umpe jiko lako kwa moyo mweupe. Watoto wakaange chipsi wao wenyewe, na waoshe kikaango. Kisha vyote viwekwe pamoja, watu wote wakae pamoja, na mzee aombwe atangulie kuonja cha mkwe. Ukimwomba kwa heshima, hatakataa.

*Kazi ya leo* (mnajua mimi ni mwalimu, siachi bila kazi):

1. Taja mtu mmoja wa familia yako ambaye haji tena Iddi. Jiulize kwa uaminifu, ni miguu kweli?
2. Mpigie simu leo, usingoje mwezi. Muulize, "Utatupikia nini mwaka huu?" Usimuulize tu kama atakuja.
3. Toa Zakatul Fitri mapema, ili na jirani apate cha kuweka sufuriani kabla ya swala.

Ewe Mola wetu, zipokee swaumu zetu na visimamo vyetu. Zitie baraka riziki zetu, chache na nyingi. Ziunganishe nyoyo za jamaa zetu, wa pwani na wa mlimani, na utujaalie tusimfanye mgeni wetu ajione mdogo. Wasamehe wazazi wetu waliotangulia, na waongoze wale tunaowapenda. Aamiin.

Kesho inshaAllah tutaangalia adabu za kwenda uwanjani kuswali Iddi na watoto. Ukiona darsa hii ina faida, mtumie shangazi yako. Wangu nimeshamtumia.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.